Barabara ya Loitokitok: Tunawahesabu Wapitao, Tunawasahau Wavukao

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, akifika Emali hukata kulia na kuelekea kusini. Kilomita zipatazo mia moja zilizo mbele yake zitamfikisha Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, na mwendo mfupi zaidi ya hapo utamtoa Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Njia nzima ni lami. Mimi nimekuwa nikiipita barabara hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa mwalimu kijana aliyepelekwa huko kufundisha, kisha nikiwa mkazi mwenye nyumba na watoto. Leo nataka kueleza kwa nini naamini kwamba tangu ilipotiwa lami tumekuwa tukiihesabu nusu yake tu.

Kwanza nitoe haki palipo na haki. Nilipofika Loitokitok mara ya kwanza niliketi juu ya gunia la mahindi ndani ya matatu iliyosheheni watu na kuku, nikashuka nikiwa mwekundu kama tofali kwa vumbi. Hiyo ilikuwa safari ya kiangazi. Masika yalipoanza, magari yalizama katika udongo mweusi na abiria wakalala njiani. Mama mjamzito aliyehitaji hospitali kubwa alikuwa mikononi mwa Mungu na mwa dereva. Mkulima wa nyanya aliuza kwa bei aliyopangiwa na mwenye lori, kwa sababu nyanya haingoji. Walimu waliopewa barua za kuja kwetu walitafuta kila hila ya kubadilishiwa kituo.

Lami iliyowekwa miaka ya karibu 2010 iliondoa sehemu kubwa ya adha hiyo. Vitunguu na nyanya za Kimana, Isinet na Rombo, zinazokuzwa kwa maji ya chemchemi zitokazo Kilimanjaro, sasa hufika Nairobi au Mombasa zingali ngumu. Mwanafunzi wa chuo kikuu huweza kuja nyumbani kuzika na kurudi darasani kesho yake. Mtu akiniambia kwamba afadhali zama za vumbi, nitamwambia kwamba hakuzijua. Sitaki basi msomaji anielewe vibaya: makala haya hayapingi barabara.

Jambo ninalotaka kulisema ni kwamba kila barabara ina urefu na ina upana. Kwa urefu wake, watu na mizigo hupita kutoka mji hadi mji. Kwa upana wake, watu na viumbe huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wapitao huhesabiwa. Wahandisi huhesabu magari kabla ya kuchora ramani, na wanasiasa huhesabu kilomita wanapokata utepe. Wavukao hawahesabiwi na mtu. Katika nchi ya wakulima wa vilimani huenda upungufu huo usilete madhara makubwa, kwa kuwa shamba la mtu huwa mlangoni pake. Lakini katika nchi ya wafugaji, maisha yenyewe ni kuvuka.

Mwanafunzi na aitazame ramani. Magharibi mwa barabara yetu kuna Mbuga ya Taifa ya Amboseli, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1974. Eneo lake ni kilomita za mraba 392 pekee, na tembo wote wanaoipatia sifa duniani hawawezi kuishi ndani yake mwaka mzima. Mashariki mwa barabara kuna Vilima vya Chyulu, na nyuma yake Tsavo Magharibi. Mvua ya bonde hilo kwa wastani ni kama milimita 350 kwa mwaka, tena hainyeshi mahali pamoja. Nyasi huota huku leo, kesho kule. Wakati wa kiangazi viumbe vyote hukimbilia vinamasi vinavyolishwa na maji ya mlima. Mvua inaponyesha hutawanyika malishoni. Ng'ombe wa Mmaasai na tembo wa serikali wamefuata utaratibu huo mmoja kwa karne nyingi, nao huwapeleka mashariki na magharibi. Barabara inatoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo imekata katikati ya mapito hayo yote, na karibu na Kimana, panapobaki ushoroba mwembamba kati ya mashamba na makazi, msalaba huo umekuwa wa kubana kabisa.

Msomaji aweza kuuliza: lami yenyewe ni ya upana wa hatua chache tu, itamzuiaje ng'ombe? Kweli, lami haimzuii. Kinachomzuia ni kile kinachoifuata lami.

Chini ya sheria ya mwaka 1968, sehemu kubwa ya ardhi ya Wamaasai iliandikishwa kuwa ranchi za vikundi. Kwetu kulikuwa na Kimana, Mbirikani, Kuku, Rombo, Olgulului na nyinginezo. Ardhi ilikuwa ya wanachama wote kwa pamoja, na ijapokuwa viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa malaika, mfugaji aliweza kutembea. Kisha ukaja ugawaji. Kimana iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki yake. Nyingine zimeifuata njia hiyo, kila moja kwa mwendo wake. Kipande cha mbali porini hakikuwa na mnunuzi. Kipande kilichopakana na barabara kiligeuka dhahabu siku ile tingatinga la kwanza lilipoonekana. Ekari zikakatwa kuwa ploti, ploti zikazungushiwa seng'enge, na ukingo wa barabara ukaanza kushonwa kama mshono wa gunia, ploti kwa ploti, duka kwa duka, kituo cha mafuta kwa kanisa.

Nami ni mmoja wa washonaji hao. Siwezi kuandika makala haya kama mtu aliyesimama kando. Miaka michache baada ya lami kufika, nilichukua mkopo wa chama cha ushirika nikanunua ploti ya futi hamsini kwa mia, si mbali na Kimana, ikitazama barabara. Niliizungushia seng'enge hata kabla ya kuchimba msingi, kwa kuwa tulifundishwa kwamba ploti isiyo na ua hualika mwizi. Siku ya pili au ya tatu akaja mzee mmoja wa eneo hilo, baba wa mwanafunzi wangu, akasimama akiegemea fimbo yake. Tulisalimiana kwa urefu kama ilivyo desturi, tukaulizana habari za mvua na za watoto. Mwishowe akasema, "Mwalimu, ng'ombe wangu hawajui kusoma. Njia yao umewaandikia wapi?"

Nilimjibu, "Mzee, mimi nimenunua kwa haki, na karatasi ninazo."

Akasema, "Sijakataa. Aliyekuuzia ni mtoto wa ndugu yangu, na ardhi ilikuwa yake. Nakuuliza njia tu."

Sikuwa na jibu, na kusema kweli sikulitafuta. Nilijiambia kwamba futi hamsini haziwezi kuwa tatizo la mtu katika nchi pana namna ile. Ng'ombe watazunguka. Kosa la fikira hizo ni kwamba jirani yangu wa kulia alijiambia vivyo hivyo, na wa kushoto pia. Katika muda wa miaka mitatu seng'enge zetu zilikuwa zimeungana kwa masafa marefu, na mifugo ya upande ule ikawa inavukia mahali pamoja tu, penye kona, karibu na shule.

Hapo ndipo mwanafunzi wa darasa la sita, aliyekuwa akivusha ndama asubuhi kabla ya kengele, alipogongwa na gari. Gari halikusimama. Mtoto alipona, lakini alipoteza muhula mzima na mguu wake haukurudi ulivyokuwa. Katika mkutano wa wazazi tulilaumu dereva, tukalaumu kukosekana kwa matuta, tukamlaumu hata mzazi aliyemwacha mtoto achunge. Hakuna aliyeuliza ni nani waliosababisha ndama wote wa eneo lile wavukie kwenye kona. Nilijua jibu, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika sasa.

Walio na shaka kuhusu mwisho wa mambo haya wasiende mbali. Ndani ya kaunti yetu hii ya Kajiado, kwenye barabara iendayo Namanga, kuna Kitengela. Zamani uwanda ule ulikuwa malisho ya Wamaasai na pia mapito ya nyumbu waliokuwa wakiingia na kutoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi na Kapiti walikadiriwa kuwa karibu 30,000. Ranchi ya kikundi ikagawanywa katika miaka ya 1980, viwanda vya eneo la usindikaji wa bidhaa za nje vikaanzishwa Athi River kuanzia 1990, na wafanyakazi wakahitaji nyumba. Sensa ya 2009 ilikuta mji wa Kitengela una watu wapatao 58,000. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 154,000. Kufikia 2011 nyumbu waliobaki hawakufika 3,000.

Sitaji nyumbu kwa sababu nawapenda kuliko watu. Nawataja kwa kuwa wao hawana dalali wala wakili, na kwa hiyo hesabu yao inaonyesha upesi zaidi kile kinachompata mfugaji pia. Palipozibwa nyumbu, ng'ombe hakupita. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua wala kuuza. Familia nyingi ziliupokea, na kwa baadhi yao fedha hizo zililipa karo. Lakini bei ya ploti ilikuwa ikipanda kila mwaka, na dola 4 ziliwezaje kushindana nayo? Dawa ilikuwa nzuri. Ililetwa mgonjwa akiwa amekwisha kuzidiwa. Loitokitok bado haijafika hapo, na hiyo ndiyo bahati yetu.

Kuna jambo katika historia ambalo walimu wenzangu wa somo hilo hulipita haraka. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1904, Olonana na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali ya kikoloni, ambao uliwataka Wamaasai waondoke Bonde la Ufa na kukaa katika maeneo mawili yaliyo mbali na reli, moja Laikipia na jingine kusini. Tunafundisha, na ni sawa kufundisha, kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kunyang'anywa. Tusichokitilia mkazo ni kwamba ndani ya mkataba huo huo iliwekwa haki ya njia ya kuunganisha maeneo hayo mawili, pamoja na kufikia maji. Hata katika saa ile ya kushinikizwa, palikumbukwa kwamba malisho bila mapito ni zizi. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, Wamaasai wa Laikipia wakahamishiwa kusini, na haki ile ya njia ikabaki maneno kwenye karatasi.

Tofauti ya wakati ule na wetu inaniumiza. Mwaka 1904 mistari ilichorwa na wageni wenye bunduki. Vivyo hivyo mpaka wa 1886, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani, uliikata nchi ya Wamaasai vipande viwili bila kumuuliza mchungaji hata mmoja. Lakini seng'enge za leo tumezifunga sisi wenyewe, kwa hiari, kwa mkopo, na kwa muhuri wa ofisi zetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja kwa lami. Je, mwenyeji amepona?

Najua pingamizi zitakazoletwa, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba Katiba ya 2010 inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na mfugaji ana haki ya kuuza ardhi yake kama mkulima wa Kiambu. Nakubali. Ni dhuluma kumwambia kijana wa Kimana asiuze ekari mbili za kumlipia mamaye hospitali, ili watalii wapate kupiga picha za tembo mbele ya theluji ya Kilimanjaro. Kama taifa linataka ushoroba ubaki wazi, taifa na lilipe, tena lilipe mapema na kwa bei inayoeleweka sokoni. Ya pili ni kwamba ukulima wa umwagiliaji unalisha watu wengi kuliko ng'ombe. Huenda ni kweli penye maji. Lakini chemchemi hazikuongezeka barabara ilipotiwa lami. Maji ya Nolturesh yanashuka kwa bomba kuelekea Emali na hata mbali zaidi, kwa miji iliyo nje ya Loitokitok, na mifereji ya mashamba nayo inazidi kurefuka. Ekari nyingi zinazouzwa leo kwa jina la kilimo hazitapata maji kamwe. Zitabaki ua na mbigili.

Tumeona pia gharama ya kungoja. Miaka ya 2020 na 2021 kulizuka mzozo mkali kuhusu shamba la parachichi la ekari 180 karibu na Kimana, katika eneo la mapito ya wanyama. Mamlaka ya mazingira ilitoa leseni kisha ikaifuta, na mwaka 2021 baraza la rufaa la mazingira likakubaliana na kufutwa huko. Wengine walisherehekea, wengine wakasema maendeleo yamenyimwa wananchi. Mimi niliona jambo jingine: kwamba pande zote zilikuwa zikibishana baada ya ardhi kununuliwa na leseni kutolewa. Kama njia ya kuvukia ingekuwa imeandikwa kwenye ramani ya kaunti tangu awali, mnunuzi angejua, muuzaji angejua, na wakili angekosa kazi.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza.

La kwanza, kabla ya kaunti kuidhinisha mgawanyo wowote wa ardhi inayopakana na barabara, mapito ya mifugo, ya wanyamapori na ya watoto wa shule yaandikwe. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inaipa kaunti mamlaka ya kupanga. Wazee wanaoyajua mapito hayo bado wako hai. Wasipoulizwa sasa, tutakuja kuuliza makaburi.

La pili, mahali pa kuvukia pajengwe kama sehemu ya barabara, si kama sadaka. Inawezekana. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulikamilika upenyo wa tembo chini ya barabara kuu kati ya Nanyuki na Meru, kwenye ushoroba unaounganisha Mlima Kenya na Lewa. Tembo wa kwanza aliupita mwanzoni mwa Januari 2011. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, nayo ilijengwa na mapito ya wanyama ndani ya Tsavo. Ikiwa tembo anaweza kujengewa pa kupita, mtoto wa darasa la sita na ndama wake wamekosa nini?

La tatu, barabara yoyote mpya itakayochorwa katika nchi ya wafugaji ihesabiwe kwa pande zake mbili. Mhandisi aketi kando ya njia siku saba za kiangazi na siku saba za masika, ahesabu magari, kisha ahesabu na wavukao: makundi ya mbuzi, ng'ombe, wanawake wenye madumu ya maji, watoto wenye mikoba. Hesabu hizo mbili zikae katika ukurasa mmoja.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Hatuna haja ya kungoja mhandisi. Shule nyingi zimepakana na barabara, na kila shule ina daftari, ina saa na ina watoto wenye macho makali. Nimewapa wanafunzi wangu wa jiografia kazi hiyo: wakae kwa zamu, kutoka alfajiri hadi jua kuchwa, waandike kila kinachovuka na kinavukia wapi. Siku ya kwanza walirudi wakicheka, wakisema kwamba walikuwa wameziona njia za ng'ombe maisha yao yote lakini hawakuwahi kudhani kwamba ni jambo la kuandikwa. Ramani yao imechorwa kwa penseli na ina makosa. Hata hivyo, sijaona nyingine inayotaja kona ile.

Na seng'enge yangu? Nimeirudisha nyuma hatua sita upande mmoja. Nilimwendea yule mzee, ambaye sasa haoni vizuri, nikamweleza. Aliniuliza kama majirani wamefanya vivyo hivyo. Nilimwambia kwamba wawili wamekubali, wanne wamekataa, na mmoja anaishi Nairobi wala hapokei simu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hatua sita zinamtosha mbuzi, hazimtoshi ng'ombe.

Alisema kweli. Hatua sita za mtu mmoja haziwezi kuwa njia. Kazi iliyobaki si yangu peke yangu, na ndiyo maana nimeileta hapa mbele yenu.